Talaka ya Makubaliano na Kazi ya Baraza la Kata

Ndugu wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa,

Mume na mke wanaweza kuja mbele yenu wakasema, "Sisi tumeshakubaliana, kila mtu ashike njia yake." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina talaka ya namna hiyo. Inataka mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kifungu cha 107 kinataja ushahidi: ugoni, ukatili, kutelekezwa na mengineyo. Kwa waliokubaliana, lililo karibu nao ni kutengana kwa hiari kwa muda usiopungua miaka 3. Wasioweza kungoja huanza kutafutana makosa. Waliofika mahakamani wakisalimiana hutoka hawasemezani.

Wenzetu wamelegeza. Uingereza, tangu Aprili 2022, wanandoa wanaweza kuomba talaka kwa pamoja bila kueleza nani alikosa. Ufaransa, tangu Januari 2017, kila mmoja huwa na wakili wake, mkataba ukaandikwa na kuwekwa kwa mthibitishaji wa serikali, hakimu asiuone kabisa isipokuwa mtoto akiomba kusikilizwa. Fikihi ya Kiislamu nayo ina mubaraa, wawili kuachana kwa ridhaa ya wote, tangu karne nyingi.

Natamani sheria yetu iruhusu maombi ya pamoja. Lakini hakimu asiondolewe, na sababu yangu iko hapa hapa Iringa. Nendeni Kilolo au Mufindi mkaangalie mashamba ya miti. Mke amechimba mashimo, amepanda misindano, amepalilia na kuilinda dhidi ya moto kila kiangazi. Miti hukaa miaka mingi kabla ya kuvunwa, na ardhi mara nyingi ni ya ukoo wa mume. Ndoa ikivunjika miti ikiwa bado michanga, anaambiwa hakuna cha kugawana. Anasaini kwamba hadai kitu, apate amani. Karatasi hiyo nayo itaitwa makubaliano!

Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sembuse aliyeshika jembe.

Sasa tusingoje Bunge. Kifungu cha 104 kinawaruhusu kuambatanisha na hati mnayotoa usuluhishi ukishindikana mapendekezo kuhusu matunzo, mgawanyo wa mali na malezi ya watoto. Hati nyingi huishia kwenye maneno "usuluhishi umeshindikana", na hapo ndipo mnyonge anapopotea. Mkimsikia kila mmoja peke yake, bila mashemeji mlangoni, mtajua kama ridhaa ni yake. Kisha andikeni: ekari ngapi, miti ya umri gani, ilipandwa mwaka gani na nani, mikopo ya vikoba inalipwa na nani, watoto watasoma kwa fedha ya nani. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hatafika shambani, atasoma mlichoandika.