Namna ya Kupima Kisu cha Kukunja

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.)



Tumeombwa tuseme habari ya visu vya mfukoni. Jina la mazungumzo haya liliposomwa, wengine walicheka. Walisema Chama kina mambo ya mishahara na ya nyumba, kisu kina nini? Jawabu tunayo. Mwenzetu mmoja alikuwa akitoboa ukanda wa ngozi kwa ncha ya kisu alichopewa kazini. Kisu kikajikunja, makali yakamshukia kidole cha shahada. Katika karatasi ya ajali msimamizi aliandika neno moja tu: uzembe.

Hatukupiga kelele. Tuliomba tuletewe visu vyote vilivyonunuliwa pamoja na kile, tukavipanga mezani mbele ya kamati ya usalama, tukamwomba msimamizi avishike mwenyewe kimoja kimoja. Zaidi ya nusu vilicheza kama jino bovu. Neno lile likafutwa. Ni kweli kwamba kutoboa kwa kisu cha namna ile si vyema, na tutalisema hilo mbele. Lakini mtu aliyepewa chombo kibovu hawezi kubeba lawama peke yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Vyema sana. Lakini kamati itafanya nini kama hakuna hata mmoja awezaye kuonyesha kasoro kwa kidole? Ndiyo maana twazungumza leo.

Kisu tunachokisema ni kile cha mtindo wa zamani ambacho hata leo kinatengenezwa. Kina ubapa mmoja, au miwili, au mitatu. Mgongoni mwake mna springi. Ndani mna mabati mawili membamba, mara nyingi ya shaba. Nje mna mpini wa mfupa, wa pembe, au wa mti, na ribiti chache zimeshika vyote pamoja. Ni hayo tu. Visu vya namna hii hutoka Sheffield Uingereza, Solingen Ujerumani, Thiers Ufaransa, na huko Marekani katika jimbo la Pennsylvania, ambako Case wako Bradford, na Great Eastern walianza kazi Titusville mwaka 2006. Vingi sana siku hizi hutoka China.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kisu hiki hakina kufuli. Kinachozuia ubapa usianguke ni springi inayokandamiza shina lake, basi. Ukikata kwa kuvuta, makali yakiwa chini, nguvu yako yaukaza ubapa uzidi kufunguka. Ukisukuma ncha ndani ya kitu kigumu, nguvu yaugeuza urudi kwenye mpini, na njiani mna vidole vyako. Mwenye kazi ya kutoboa na atafute msumari wa kutobolea, au kisu chenye kufuli kama Opinel ya Ufaransa, ambayo tangu mwaka 1955 ina pete ya chuma shingoni inayozungushwa kuufunga ubapa.

Sasa twende dukani.

Watu wengi huuliza jina kwanza. Sisi twasema jina liulizwe mwisho. Huko Marekani, katika jimbo la New York, kulikuwa na viwanda viwili vikubwa vya visu hivi. Schrade kilifungwa mwaka 2004, na Camillus kikafuata mwaka 2007. Wafanya kazi walikwenda makwao na ujuzi wao, lakini majina hayakwenda makwao. Yaliuzwa. Visu vyenye majina yale yale vikaendelea kuuzwa, vimetengenezwa na mikono mingine, katika nchi nyingine. Hatusemi kwamba mikono hiyo mingine ni mibaya. Tumeshika visu vya China vya bei ndogo vilivyoungwa vizuri kuliko vingine vya bei mara tano. Twasema tu kwamba herufi zilizopigwa juu ya chuma hazikuambii ni nani aliyeketi kwenye meza ya kazi, wala alipewa muda gani.

Basi kichukue kisu kikiwa kimefungwa, ukielekeze kwenye dirisha au taa, utazame kati ya springi na yale mabati ya ndani. Ukiona mwanga unapita, kuna pengo. Pengo dogo kama unywele halidhuru kazi, ingawa maji na vumbi vitaingia. Pengo la kupitisha ukucha ni kasoro, na kasoro hiyo huwezi kuiondoa nyumbani, kwa sababu ribiti zimekwisha kupigwa. Tazama pia mahali mpini unapokutana na zile kofia za chuma zilizo kwenye ncha zake. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, aliyekisugua alikuwa na haraka, au aliharakishwa.

Kwa nini tunakaa sana juu ya pengo? Kwa sababu kuziba pengo hakuhitaji mashini ya ajabu. Kunahitaji mtu kukiunga kisu, kukitazama, kukifungua tena, kupitisha tupa kidogo, kukiunga tena. Kule Sheffield walikuwako mafundi waliopanga chumba kidogo na kukitengeneza kisu kizima peke yao tangu mwanzo hata mwisho. Mmoja wao aliyejulikana sana, Stan Shaw, alianza kazi akiwa kijana wa miaka 14, akafariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 94. Visu vyake watu walivisubiri miaka, wala hakuna aliyemsimamia na saa mkononi. Mtu anayelipwa kwa idadi hawezi kufanya hivyo. Akikifungua kisu mara ya tatu amepoteza mkate wa siku. Kwa hiyo pengo mnaloliona kwenye mwanga mara nyingi si la mikono mibaya. Ni dakika zilizokatwa.

Na tusisahau kwamba wanoaji wa Sheffield walikufa vijana kwa vumbi la mawe na chuma lililoingia mapafuni, hasa wale wa uma walionoa pakavu bila ya maji. Vyama vyao vilikuwa na ukali wake pia. Mwaka 1866 nyumba ya mnoaji mmoja wa misumeno ililipuliwa kwa baruti, serikali ikaunda tume ya uchunguzi, na mambo yakaendelea mpaka ikaja sheria ya vyama vya wafanya kazi ya Uingereza ya mwaka 1871. Hiyo ni habari ya siku nyingine, na Mwenyekiti ametutazama, kwa hiyo turudi kwenye kisu.

Fungua ubapa polepole. Ushike karibu na ncha kwa vidole viwili, uusukume kushoto na kulia. Usicheze. Kisha juu na chini. Huko pia usicheze. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote, na visu vya mwenzetu vilianguka hapa. Kisu kinachocheza kikiwa kipya kitacheza zaidi baada ya mwezi, kwa kuwa ribiti ya kiungo haikukazwa sawasawa, na kila ukikata unazidi kuilegeza. Fundi mwenye mkono mwepesi aweza kuigonga ribiti kwa nyundo ndogo ikakaza, lakini mara nyingine mfupa wa mpini hupasuka hapo hapo. Afadhali ukiache juu ya meza ya muuzaji.

Halafu tazama mgongo. Kisu kikiwa wazi, springi na mgongo wa ubapa viwe sawa, kidole kipite bila ya kugonga ngazi. Kifunge, utazame tena. Vingine vina kituo katikati, ubapa ukisimama wima. Hapo nako springi iwe sawa. Kuwa sawa mahali pote patatu ni kazi ngumu kwa fundi, kwa sababu pande zote za shina lazima zikatwe kwa kipimo kimoja. Tukiona hivyo sisi hununua bila ya maneno mengi.

Sikiliza pia. Kisu kizuri hulia, kikifunguliwa na kikifungwa, mlio mkavu mfupi kama wa kufuli la sanduku. Kikinyamaza na kujivuta kama kimelala, springi ni dhaifu au kiungo kimejaa uchafu wa kiwandani. Tia tone la mafuta, kifungue na kukifunga mara ishirini, ufute weusi utakaotoka, kisha kijaribu tena kabla ya kukihukumu.

Vijana wetu wana kosa moja, nalo ni kudhani kwamba kisu kigumu kufungua ndicho imara. Sivyo. Springi ngumu mno huvunja ukucha, na mkono wenye jasho au mafuta ya gari huteleza ubapa ukiwa nusu njia, na hapo ndipo watu hukatwa. Kiwe na nguvu ya kukaa wazi, lakini kifunguke kwa ukucha mmoja bila ya kukunja uso.

Sasa lile ambalo wauzaji wengi hawalijui. Karibu na shina, upande wa makali, pana kinundu kidogo cha chuma. Kazi yake ni kutua juu ya springi kisu kinapofungwa, ili makali yenyewe yasiiguse. Kinundu kikiwa kifupi, makali hugonga springi kila ukifunga, nawe utanoa bila ya kujua kwa nini kisu chako hakikati katikati. Chukua kipande cha karatasi nyembamba, kilaze ndani ya mfereji juu ya springi, funga kisu taratibu, kifungue. Karatasi ikitoka imekatwa, umekwisha kujua. Wakati huo huo hakikisha kwamba ncha imezama ndani ya mpini, la sivyo itakula mfuko wa suruali na paja.

Ubapa ukiegemea upande mmoja ukiwa umefungwa, usihofu sana maadamu haukwaruzi bati. Wenye kisu cha bapa tatu wasitegemee kila ubapa ukae katikati, maana mfereji ni mmoja. Makali yaliyonolewa vibaya nayo si sababu ya kukiacha kisu. Kinoo kipo, na kila mtu atanoa kwa mkono wake. Lakini tazama unene wa ubapa nyuma ya makali. Ukiwa mnene kama patasi, utanoa mpaka uzeeke.

Juu ya chuma tutasema kwa ufupi, maana hapo ndipo maneno ya duka yanapozidi ukweli. Kuna chuma cha zamani, kama kile kiitwacho 1095, chenye kaboni karibu sehemu moja katika mia. Hunoleka upesi, hushika makali vizuri, na hupata kutu. Ukikatia ndimu au embe kitageuka rangi kuwa kijivu, na hiyo si kasoro. Kuna chuma kisichoshika kutu kwa upesi, kilichotiwa kromi nyingi. Wenzetu wa bandarini Mombasa, hewa ya chumvi mchana na usiku, twawashauri wachukue hicho cha pili bila ya kuona haya. Aliye bara, tena apendaye kufuta kisu chake kwa mafuta kila jioni, achague apendavyo.

Mpini wa mti hutegemea mti. Mpingo wetu wa Afrika ya Mashariki ni mzito, mgumu, na haujali maji sana, nao hutumiwa kwa mipini ya visu hata ng'ambo. Mipini mingi ya Opinel ni ya mti laini kuliko huo, nayo ikilowa huvimba mpaka ubapa hautoki. Katika mfupa tafuta ufa mwembamba unaoanzia kwenye ribiti. Ukiwapo, utaendelea.

Sasa mtatuuliza: haya yote twawezaje kuyafanya, nasi siku hizi twanunua kwa picha ya simu? Hamwezi. Picha haichezi wala hailii. Basi mwagizaji apatane na muuzaji kabla ya kutuma pesa kwamba kisu kitarudishwa, na siku kikifika, asikatie kitu chochote mpaka amemaliza majaribio, kwa sababu kisu kilichokwisha kukata hakirudi. Na kama ni mwajiri anayenunua visu vya idara nzima, mjumbe wa kamati ya usalama aombe vitatu vya kujaribiwa kabla ya kununua vyote. Sisi tuliomba hivyo baada ya ajali ile, tukakubaliwa, na mara ya kwanza tulivirudisha vyote vitatu.

Juu ya meza ile kuna visu sita. Viwili ni vyema, vitatu vina kasoro moja moja, na hatutasema ipi. Njooni kwa zamu, karatasi nyembamba mtazikuta pale pamoja na tone la mafuta. Kile cha sita, chenye mpini mwekundu, kifungueni kwa mikono miwili na msikielekeze kwa mtu, maana ndicho kilichomkata mwenzetu.