Kibali ni Dhamana, Si Kufuli

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa serikali na walimu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya vibali vya kupitisha nyaya za mawasiliano katika miji. Kwa nje jambo hili linaonekana kuwa la mafundi na makarani tu. Mimi naliona kuwa ni jambo la madaraka: nani ana uwezo wa kumwambia mwenzake "subiri", kwa muda gani, na kwa hasara ya nani. Nitachukua mfano wa Marekani, kwa kuwa huko mzozo huu umefika mpaka mahakamani na mafunzo yake yako wazi. Kisha nitarudi nyumbani.

Tuanze na nguzo yenyewe. Katika miji mingi ya Marekani nguzo moja ya mti hubeba mizigo ya watu wengi. Juu hupita umeme. Chini yake huachwa nafasi tupu, yapata mita moja, ili fundi wa simu asiufikie umeme akapoteza maisha. Chini ya nafasi hiyo ndipo hufungwa nyaya za simu, za televisheni na za intaneti. Nguzo imesimama kando ya barabara ya umma. Mwenye nguzo ni shirika la umeme au kampuni ya simu. Na waliokwisha kufunga nyaya zao ni wengine tena. Anapokuja mgeni na waya mpya, mara nyingi hapati nafasi mpaka waliotangulia wasogeze nyaya zao.

Hapo ndipo penye fundo. Kwa utaratibu wa zamani, kila kampuni ilituma mafundi wake kwa zamu: wa kwanza asogeze wa kwake, ndipo wa pili aje, kisha wa tatu. Na yule aliyetakiwa kusogeza waya ndiye huyo huyo ambaye wateja wake wangechukuliwa na mgeni. Nauliza, Ndugu zangu: ni mfanyabiashara gani atakayekimbia kumfungulia mlango mshindani wake?

Mwaka 2016, katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, kampuni ya Google Fiber ilieleza kwamba ilihitaji nguzo 88,000 hivi. Kwamba zaidi ya 44,000 kati yake zilitakiwa kuandaliwa kwanza. Na kwamba zilizokuwa tayari zilikuwa 33 tu. Hesabu hiyo ni ya mdai mwenyewe, nasi tuipokee kwa tahadhari. Lakini inatuonyesha jambo moja: mtu anaweza kukunyima ruhusa pasipo kutamka neno "hapana". Anakuacha usubiri tu.

Septemba mwaka huo Baraza la Mji wa Nashville lilipitisha sheria ndogo iliyosema kwamba fundi mmoja, aliyekubaliwa na mwenye nguzo, asogeze nyaya zote kwa safari moja. Mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky, ulikuwa umetangulia kupitisha sheria ya namna hiyo mwezi Februari. Kampuni ya AT&T iliishtaki miji yote miwili, na kule Nashville kampuni ya Comcast nayo ikafungua kesi yake. Agosti 2017 Louisville ikashinda. Novemba mwaka huo huo Nashville ikashindwa.

Kwa nini nia moja ipate hukumu mbili? Kentucky ni miongoni mwa majimbo yanayosimamia yenyewe mambo ya nguzo, Tennessee siyo. Hivyo nguzo za kampuni ya simu katika Nashville zilikuwa chini ya sheria ya nchi nzima. Na zile za shirika la umeme la mji zilikuwa chini ya bodi ambayo katiba ya mji imeipa madaraka yake yenyewe. Baraza lilikuwa na nia njema, bali halikuwa na mamlaka. Hilo ni fundisho kwetu sote tunaoshika kalamu ya umma: nia njema haiponyi sahihi iliyovuka mpaka wa ofisi.

Agosti 2018 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliikubali njia hiyo ya fundi mmoja kwa kazi nyepesi, na ikaiwekea siku. Mwenye nguzo ana siku 15 za kuamua ombi la kawaida. Wenye nyaya za zamani hupewa taarifa siku 15 kabla ya kazi. Kazi ikiisha, mwenye nguzo ana siku zisizopungua 90 za kukagua. Kazi ngumu, na ile inayogusa sehemu ya umeme, haikuingizwa katika utaratibu huo wa haraka. Wala nguzo za mashirika ya umma na ya ushirika haziko chini ya amri hiyo. Angalieni hekima iliyomo: haraka imewekewa kipimo, na ukaguzi haukufutwa.

Sasa msije mkadhani kwamba nawahimiza kutia sahihi macho yakiwa yamefumbwa. Louisville hiyo hiyo iliyoshinda kesi ilipata somo lingine. Google Fiber iliamua kuzika nyaya zake katika vijifereji vyembamba vilivyochimbwa barabarani, vyenye kina cha sentimeta 5 hivi. Kizibio kikang'oka, nyaya zikaonekana juu ya lami, na huduma ikaharibika. Tarehe 15 Aprili 2019 kampuni ilizima huduma yake na kuuhama mji. Ilikubali kuulipa mji dola milioni 3.84 kwa kuondoa nyaya na kutengeneza barabara.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Na wahenga hao hao walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kazi ya mtumishi ni kusimama katikati ya methali hizo mbili.

Je, haya yatuhusu nini sisi? Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Mkongo wa Taifa nao umeenea mikoani. Mawasiliano yamevuka bahari kwa maelfu ya kilomita. Lakini mita mia chache za mwisho, kutoka barabarani mpaka darasani, hupita mezani kwa mtumishi. Barabara kuu na za mikoa zina TANROADS; za mijini na vijijini, tangu 2017, zina TARURA; nguzo za umeme ni za TANESCO; na halmashauri nayo ina mji wake wa kuulinda. Kila mmoja ana haki ya kuuliza. Hakuna mwenye haki ya kulalia jalada.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne. Kwanza, kila ombi liwe na tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kujibiwa, na jibu la "hapana" liandikwe pamoja na sababu zake. Pili, ofisi zinazohusika na njia moja zikae pamoja na kulisoma jalada moja, badala ya kumzungusha mwombaji. Tatu, anayechimba barabara aweke dhamana ya fedha ya kuirudisha kama alivyoikuta. Nne, mkaguzi afike penye kazi kwa miguu yake, wala asikague kwa simu.

Ndugu walimu, ninyi mnaijua gharama ya kungoja kuliko sisi wa maofisini. Mtoto wa darasa la saba hangoji. Mwaka ukiisha anaondoka, awe amekiona kitabu cha mbali au hakukiona. Kila jalada linalolala miezi kumi na miwili limelala juu ya darasa zima.

Nguzo iko kando ya barabara ya wananchi, na muhuri ulio mkononi mwetu ni wao pia. Tuutumie kulinda mali yao, wala tusiutumie kuwazuia.