Kumaliza Shahada ya Biashara Ukiwa Nyumbani

Leo twataka kusema na wale walioanza safari ya elimu ya juu wakakwama njiani. Katika kila wilaya wamo watu wa namna hii. Mmoja alisoma shahada ya biashara miaka miwili, kisha baba yake akaugua, naye akarudi nyumbani kulishika shamba. Mwingine aliishiwa na karo. Mwingine alijifungua mtoto. Sasa huyu ni karani wa chama cha ushirika, yule ana duka lake, na masomo yao yamebaki kama mzigo ulioachwa stesheni. Twauliza: Je, mzigo huo hauwezi kufuatwa?

Waweza. Tena jambo la kusoma mbali na chuo si geni duniani. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wasiosoma katika vyuo vyake. Nelson Mandela aliondoka chuo cha Fort Hare mwaka 1940 kabla ya kumaliza, kwa kukosana na wakuu wa chuo. Akaenda Johannesburg, akafanya kazi mchana na kusoma usiku, na mwaka 1943 akapewa shahada yake ya kwanza kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Katika Tanzania, Chuo Kikuu Huria kiliwekwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, nacho chafundisha biashara pamoja na masomo mengine. Kenya nayo ilikipa Chuo Kikuu Huria chake hati mwaka 2023.

Utaratibu wake ni huu. Mwanafunzi hupata masomo yake kwa vitabu na kwa mtandao, akayasoma kwake. Huandika majaribio, akayapeleka kwa mwalimu, naye mwalimu huyasahihisha. Wakati wa mitihani ukifika, hufuata utaratibu na masharti ya chuo kama wanafunzi wengine wote. Asidhani mtu kwamba kusoma nyumbani ni kusoma kwa mzaha. Uhasibu ni ule ule, na sheria ya biashara ni ile ile.

Lakini kabla ya kutoa hata senti moja, hapana budi kuuliza neno moja: Chuo hiki kina ithibati? Maana yake, je, wenye mamlaka wamekikagua, wakawapima walimu wake na masomo yake, wakakikubali? Tulimjua kijana mmoja aliyeuza ng'ombe wawili ili alipe karo ya chuo cha mbali kilichomwahidi shahada kwa miezi michache. Karatasi ilikuja kweli, ina muhuri mkubwa na utepe mwekundu. Alipoipeleka kuombea kazi, akaambiwa kwamba chuo hicho hakitambuliwi. Ng'ombe wamekwenda, na shahada hakuna. Si kila king'aacho ni dhahabu.

Katika Tanzania kazi ya kuvikagua vyuo vikuu ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, iliyowekwa mwaka 2005; katika Kenya ni ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa hiyo usiwaulize wenye chuo peke yao, kwa maana muuza maziwa hasemi kwamba maziwa yake yana maji. Iulize Tume. Na chuo kikiwa cha nchi za nje, uliza kwanza kama shahada yake itakubaliwa nchini kwako.

Neno la pili ni hesabu ya wakati. Katika Tanzania masomo ya shahada ya kwanza hupimwa kwa vipimo viitwavyo krediti. Krediti moja ni kama saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu yataka krediti zisizopungua 360. Tuseme mtu alikwisha pata 240, na chuo kipya kimezipokea zote. Zimebaki 120, yaani saa 1,200. Akisoma saa mbili kila siku, siku sita kwa juma, atapata saa 12. Basi majuma 100 yatamtosha, nayo ni karibu miaka miwili. Lakini chuo kipya hakilazimiki kupokea kila kitu cha zamani. Basi peleka hati zako za matokeo mapema, upate jibu kwa maandishi, ndipo ulipe.

Tena msomaji wa biashara aliye nyumbani ana faida yake. Tuseme mwenye duka alinunua magunia 10 ya mahindi kwa shilingi 600,000, akataka kuyauza yote kwa shilingi 720,000. Atasema atapata faida ya 120,000. Lakini akiandika nauli ya gari 50,000, wachukuzi 10,000, na gunia moja lililoliwa na panya, ambalo lingeuzwa 72,000 lakini hakuliuza, ataona kwamba amepata hasara ya shilingi 12,000. Mwanafunzi wa mjini huisoma hesabu hiyo kitabuni. Huyu huiona dukani mwake asubuhi.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Mama au baba anaposoma jioni, watoto na wachukue kazi ndogo ndogo, na wageni waambiwe kwa adabu waje baadaye. Saa mbili za utulivu ni msaada mkubwa kuliko pongezi nyingi.

Basi, ndugu zetu, zitoeni zile hati sandukuni. Ulizeni kwanza, hesabuni pili, kisha anzeni. Aliyebakiza theluthi ya safari hana sababu ya kulala njiani.