Upepo Upo, Mvua Iko Wapi?

(Mazungumzo na vijana baada ya sala ya alasiri)



Ndugu zangu, mama zetu na vijana wa Lodwar na Kakuma. Kila mwaka swali ni lile lile: kwa nini Kitale mahindi yanastawi na sisi tunakula vumbi? Wapo wanaojibu haraka haraka kwamba ni dhambi za watu wa huku. Jamani, kwani Kitale wanakaa malaika? Tusiwasingizie watu.

Mwenyezi Mungu amekijaalia kila kitu sababu yake. Pepo zinatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake. Zikifika kaskazini mwa Kenya zinakuta nyanda za juu za Ethiopia upande huu, na nyanda za juu za Kenya upande ule. Katikati pamebaki kama kichochoro. Upepo unabanwa, unakimbia. Wataalamu Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huu mwaka 1982, na leo unazungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani.

Sasa, mvua inataka hewa ipande, ipoe, iwe mawingu. Kwetu hewa inakwenda mbio, inatawanyika na kushuka. Unyevu unatupita, unakwenda zake bara. Kitale iko kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Huko hewa inapanda, na kwa mwaka wanapata karibu milimita 1,200. Lodwar ni karibu 200 tu.

Na bahari nayo ina zamu zake. Mwishoni mwa 2019 maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko kawaida, tukapata mafuriko. Kisha kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ikakosa mvua ya kutosha, mifugo ikateketea.

Lakini sikilizeni hili, vijana. Mvua ya wenzetu hutufikia kwa miguu. Turkwel unaanzia Mlima Elgon kwa jina la Suam. Tarach wa Kakuma unatoka vilima vya magharibi. Anga la hapa linaweza kuwa jeupe pe, na maji yakashuka usiku. Basi baada ya futari usiende kupunga upepo ndani ya laga, wala usimruhusu mdogo wako alale pale mchangani. Jirani akitaka kujenga ukingoni, mwambie mapema.

Tusali sala ya kuomba mvua, ndiyo. Tukitoka hapo, tutengeneze mifereji ya paa la msikiti na tangi, ili hizo milimita 200 zisipotee bure.

Wabillahi tawfiq.