Barua Kabla ya Kesi: Uwakili wa Bure kwa Wanafunzi Wenye Ulemavu wa Majanji, Busia na Tororo



Kwa taadhima naomba idhini ya kuitamka mapema azma ya mada hii, ili atakayenipinga apate wasaa wa kujiandaa. Nashikilia kwamba mtoto mwenye ulemavu anayefungiwa mlango wa shule katika nchi hii ya mpakani, baina ya Uganda na Kenya, hana upungufu wa sheria. Anachokikosa ni mtu wa kusimama kando ya mzazi wake mbele ya meza ya mwalimu mkuu, siku ileile mlango unapofungwa, akaandika barua. Na uwakili wowote wa bure utakaoanzia mahakamani, badala ya kuanzia mezani hapo, aghalabu utamfikia mtoto miaka yake ya kusoma ikiwa imekwisha kupita.

Sheria zenyewe ni nyingi, tena njema. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 30, inampa kila mtu haki ya elimu. Ibara ya 35 inawapa wenye ulemavu haki ya heshima na utu. Na katika malengo yake ya kitaifa inaiagiza dola ikuze lugha ya alama ya viziwi, agizo ambalo zama zile katiba chache duniani zilikuwa nalo. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza 1997, ukiwachukua watoto wanne wa kila nyumba, uliagiza kwamba mwenye ulemavu atangulizwe katika hao wanne. Kenya nayo, katika Katiba yake ya 2010, inamwahidi kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima katika ibara ya 53, na katika ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kuingia katika shule zilizochanganyika na jamii. Fauka ya hayo, nchi zote mbili ziliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu katika mwaka mmoja, 2008.

Madhali mambo ni hayo, mtoto anakwama wapi? Anakwama kwa sababu kukataliwa kwake hakuandikwi. Ni nadra mwalimu mkuu kusema waziwazi kwamba hamtaki. Husema, kwa sauti ya upole, kwamba mtoto arudishwe muhula ujao, au kwamba walimu wa kumfundisha hawapo, au kwamba apelekwe kwenye shule ya wenziwe. Na shule hizo ziko wapi? Ya wasioona upande wa Uganda ni ile ya Madera, huko Soroti. Upande wa Kenya ni St. Oda, Aluor, katika Siaya. Mama wa Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, anayeishi kwa kuanika dagaa, wanaoitwa mukene huku na omena ng'ambo, akipata siku ziwa linapotoa na akikosa siku ziwa linapokataa, nauli na mahitaji ya bweni ni mlima kwake. Basi hurejea nyumbani na mwanawe, na safari yake haiachi athari yoyote: hakuna tarehe, hakuna jina, hakuna sababu iliyotiwa sahihi. Wakili hodari kuliko wote, akiletewa habari hii baada ya miaka mitatu, hana pa kushika.

Barua ninayoikusudia ni fupi. Hutaja siku, jina la mtoto, kilichoombwa na jibu lililotolewa. Kisha huomba jambo mahsusi, kama vile darasa la mtoto wa kiti cha magurudumu lihamishiwe chumba kisicho na ngazi, mlango wa choo upanuliwe, au asiyesikia vizuri aketi mbele anapoona midomo ya mwalimu. Na nakala hupelekwa kwa kamati ya shule na kwa afisa wa elimu wa wilaya. Msidhani kwamba barua hii ni silaha ya kumdhuru mwalimu mkuu. Mara nyingi yeye mwenyewe ni mnyonge, ana wanafunzi wengi kuliko madawati, na maombi yake ya kinywa yamepuuzwa huko juu. Barua ya mzazi humpatia ushahidi wa kwenda nao wilayani, akidai alichokuwa akikiomba kama hisani. Nimesadiki kwamba katika mashauri mengi ya namna hii mwalimu na mzazi wana hasimu mmoja, naye ni ukimya wa makaratasi.

Chukueni mfano wa mitihani. Baraza la Mitihani la Uganda humruhusu mtahiniwa mwenye ulemavu dakika 45 za ziada, na huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huruhusu msaidizi anapohitajika. Walakini baraza haliwezi kumjua asiyetajwa: ni lazima shule imtaje wakati wa kuandikisha watahiniwa, kabla ya mtihani kwa miezi mingi. Mwalimu akighafilika, mtoto huingia chumbani kama wenziwe, akatoka na alama zisizo zake, na hakuna hakimu awezaye kumrudishia dakika zile. Kwa hiyo wakili wa mwanafunzi hana budi kuijua kalenda ya uandikishaji kama aijuavyo Katiba.

Wako pia watoto ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho: yule ambaye herufi humchanganyikia, au asiyeweza kutulia, ambaye hurudia darasa mwaka baada ya mwaka akiitwa mvivu, na aghalabu akichapwa, ilhali viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya tangu 2001 na Uganda kwa sheria ya 2016. Hawa ndio wasio na mtetezi kabisa, maana hata wazazi wao wameamini kwamba kosa ni la mtoto.

Nije sasa kwenye mpaka. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki, na Wasamia wa mpakani hapa wakajikuta wana serikali mbili. Koo hazikugawanyika hivyo. Mtoto huzaliwa kwa bibi yake ng'ambo, akalelewa huku, akasoma anakopata nafasi. Lakini shule ya Kenya humhesabu mwanafunzi kwa cheti cha kuzaliwa, na ripoti ya kupimwa ulemavu iliyotolewa upande mmoja huzua maswali upande wa pili. Tangu 2018 maofisa wa dola zote mbili huketi katika jengo moja mpakani Busia ili mizigo isikaguliwe mara mbili. Naomba watoa msaada wa sheria wakubaliane vivyo hivyo: jalada moja la mtoto, lipokewe pande zote.

Wa kuifanya kazi hii wapo. Kanuni za 2009 zinamtaka kila wakili wa Uganda atoe saa 40 kwa mwaka kwa wasiojiweza. Tororo kuna kituo cha Justice Centres Uganda, mradi wa Mahakama. Na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inakataza shauri la haki kutupwa kwa kasoro za utaratibu tu. Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, ambayo inahesabu hata kumwandikia mtu waraka kuwa ni msaada, na ibara ya 22 ya Katiba inaondoa ada ya kufungua shauri la haki. Saa hizo 40 zikitumika zote mahakamani, zitamalizwa na kesi moja. Zikitumika kwa barua, zitatosha watoto wengi, na barua chache zitakazopuuzwa zitakwenda kwa hakimu zikiwa na ushahidi kamili.

Naomba, basi, wasaidizi wa kisheria wakae shuleni juma la kwanza la muhula wa kwanza, wakiwa na karatasi, na wamsomee mzazi barua yake kwa Kisamia, Kiteso, Kidhopadhola au Kiswahili kabla hajaitia sahihi au dole gumba. Kenya hufungua mwaka wa masomo Januari, na Uganda Februari; watu walewale wanaweza kuanzia Sio Port, upande wa Kenya, kisha wakavuka kuja Majanji.