Kuni Zisizojulikana Katika Ghala la Chama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na watunza ghala wa vyama vya msingi, Kitangari)



Msimu wa korosho ufikapo, kila chama cha msingi huwa na wapagazi na walinzi wanaokula papo hapo ghalani, na kwa hiyo chama hununua kuni. Zamani muuzaji alijulikana kwa jina, na pori alikokata lilijulikana pia. Siku hizi mzigo hufika umekwisha kupasuliwa, hauna jani wala tunda, na karani huandika kitabuni neno moja tu: "kuni". Neno hilo halitoshi.

Upo mti wa jamii moja na mnyaa ambao wataalamu huuita Spirostachys africana. Huota Tanzania na nchi nyingine hadi Afrika ya Kusini. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi na macho. Moshi wake huumiza kichwa na kuchafua moyo, na nyama iliyochomwa juu ya makaa yake huwaharisha walaji vibaya sana. Hila ya mti huu ni kwamba ubao wake hunukia vizuri, hata mpishi asiyeujua huufurahia.

Kiini chake ni cha rangi ya kahawia iliyokolea, nacho kimezungukwa na ukanda mweupe unaoachana nacho waziwazi. Lakini mpingo nao una ukanda mweupe na kiini cheusi! Basi jicho lisitazame rangi peke yake. Gome la mti ule wa sumu ni jeusi-jeusi, limepasuka vipande vya mraba mfano wa ngozi ya mamba; gome la mpingo ni la kijivu hafifu. Tena kipande cha kiini cha mpingo, hata kikiwa kikavu, huzama majini, ambapo kuni nyingi huelea. Jaribio hilo lataka ndoo moja tu, na maji yake yatumike kwa kazi nyingine, maana juu ya uwanda huu wa Makonde hakuna asiyejua thamani ya maji. Hata hivyo kuzama si ushahidi kamili, kwa kuwa ipo miti mingine mizito.

Mpingo ukitambulikana, lipo jambo la pili. Mti huo umehifadhiwa kisheria, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yake yote imo chini ya Mkataba wa CITES. Chama kikikutwa na shehena yake bila kibali kitatakiwa kujieleza, na muuzaji atakuwa amekwisha kwenda zake. Tena ni hasara iliyoje, gogo ambalo mchonga vinyago angelitafuta siku nzima liishie chini ya sufuria ya maharage!

Wazee waulizwe kwanza. Jina la Kimakonde silo la Kimakua, na Kiyao kina lake. Yaandikwe yote, pamoja na kijiji kuni zilikotoka. Wazee wakishindwa, likatwe pande la shubiri moja lenye gome, na muuzaji atakiwe kuonyesha kisiki. Akikataa kukionyesha, hilo nalo ni jibu. Kisiki kikichipua, au mti wa namna ile ukisimama karibu, lichukuliwe tawi lenye majani, na maua au matunda yakiwapo, likaushwe katikati ya magazeti. Vyote vipelekwe kwa Bwana Miti wa wilaya. Naye akitatizwa, iko Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, huko Morogoro. Wataalamu wa mbao huweza kuutambua mti kwa kukata ncha ya pande kwa kisu kikali na kutazama kwa kioo cha kukuzia vitundu vya ndani, ambavyo mpangilio wake hutofautiana mti na mti.

Wakati huo wapishi watumie matawi ya mikorosho yanayopogolewa mashambani mwa wanachama. Maganda ya korosho yasitiwe jikoni, kwani mafuta yake huunguza na moshi wake huwasha macho. Na zile kuni zisizojulikana zirundikwe kando, mbali na jiko, hadi jibu litakapofika.