Jua, Ziwa na Daftari
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Musoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya sayansi. Nitaeleza kosa langu mwenyewe, maana nadhani litawafaa wanafunzi kuliko sifa zangu.

Uso wa jua una madoa meusi. Mwaka 1843 Mjerumani Heinrich Schwabe, aliyekuwa ameyahesabu kwa miaka 17, alitangaza kuwa huongezeka na kupungua kwa zamu. Leo tunajua kuwa zamu moja huchukua miaka 11 hivi. Mwaka 1908 George Hale wa Marekani aligundua kwamba madoa hayo ni mahali penye nguvu kubwa za sumaku. Yeye na wenzake wakaendelea kupima, wakaona kuwa kila zamu mpya ncha za sumaku za madoa hubadilishana nafasi. Kwa hiyo hali ya kwanza hurudi baada ya miaka 22, na aliyetazama miaka 11 tu ameona nusu ya habari. Ndiyo sababu mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Stanford kilianza kupima sumaku ya jua siku hadi siku, na mwaka 2010 Marekani ikarusha chombo cha angani cha kuichorea ramani.

Hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Mara? Mwaka 1923, mwaka mmoja baada ya Mwalimu Nyerere kuzaliwa Butiama, Mwingereza C. E. P. Brooks alichapisha uchunguzi juu ya kina cha Ziwa Victoria. Alilinganisha vipimo vya tangu 1896 na hesabu ya madoa ya jua. Vilikwenda pamoja: madoa yakizidi, ziwa lilipanda, yakipungua, lilishuka.

Habari hiyo niliisoma nikaipenda mno. Mwaka 2017 baba yangu mdogo, mkulima wa upande wa Bunda, aliniuliza kama ajenge karibu na ziwa. Nikamjibu kwa majivuno ya msomi, “Jenga tu, Baba. Jua linatulia, na ziwa litashuka.”

Kweli jua lilitulia. Madoa yalikuwa machache kabisa mwishoni mwa 2019. Lakini Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, mvua za vuli zikazidi, na Mei 2020 ziwa likafikia kina cha 1964. Maji yaliingia nyumba ile hadi dirishani.

Nilipokwenda kumpa pole, hakunigombeza. Alinionyesha jiwe lililokuwa juu ya nyumba, akasema, “Bibi yako alituambia maji ya 1964 yalifika hapa. Lakini nilikuamini wewe, kwa kuwa umesoma.”

Maneno hayo yalinirudisha vitabuni. Nikaona kwamba ulinganifu wa Brooks ulivunjika katika miaka iliyofuata. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka huo wa 1964 jua lilikuwa na madoa machache kabisa! Mwaka 2024 ziwa likapanda tena, na safari hii madoa yalikuwa mengi. Brooks hakudanganya, daftari lake lilikuwa fupi. Kosa ni langu, niliyesoma kurasa zake za kwanza nikaacha zilizofuata, na ushahidi wa bibi nikauona si elimu.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Napendekeza, Ndugu Mwenyekiti, sisi wa zamani tuchange tuinunulie shule kipimo cha mvua, nguzo yenye alama za mita ya kusimamishwa ziwani, na darubini ndogo. Jua lisitazamwe kwa macho wala kwa darubini, maana hupofusha. Darubini itupe taswira ya jua juu ya karatasi nyeupe, na mwanafunzi ayachore madoa hapo. Kila darasa likimaliza, likabidhi daftari kwa linalofuata.

Faida yake hatutaiona mwakani. Lakini mkulima wa Bunda atakapouliza ajenge wapi, mwanafunzi wa shule hii afungue daftari kabla ya kufungua kinywa.